Ombi la padri lilizama katikati ya "Amina". Parokia zenu mmepangaje mawasiliano?

Katibu wa Parokia

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Mimi ni katibu wa parokia, mwaka wa sita sasa. Ofisi yangu ni meza, kompyuta, kabati la rejista za ubatizo na ndoa, na simu ambayo hailali. Naandika kwa sababu kuna jambo limetokea kwetu na tangu siku ile sijapata usingizi wa kueleweka. Nataka kujifunza kwa waliotangulia.

Tuna grupu la WhatsApp la parokia. Lilianza likiwa la halmashauri walei, yaani baraza la viongozi wa waamini, watu kumi na wanne, baadaye tukalifungua kwa waamini wote. Leo limejaa: watu 1,024, ndio ukomo wa grupu moja. Akitoka mmoja, wapo wanaongoja kuingia. Tulijivunia sana jambo hilo. Kwenye taarifa ya mwaka niliandika mimi mwenyewe kwamba mawasiliano ya parokia yameimarika.

Kulikuwa na mzee mmoja, msomaji wa Misa ya kwanza kwa miaka mingi. Benchi la tatu, upande wa kushoto, pembeni kabisa, ili asimsumbue mtu akiinuka kwenda mimbarini. Alifika sakristia, chumba cha kujiandalia Misa, nusu saa kabla, akafungua kitabu cha masomo na kupitisha kidole chini ya kila mstari, midomo ikicheza bila sauti. Jumapili moja hakuja, akasoma mwingine. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, ya nne. Kila mtu alidhani amesafiri kwa wanawe. Hakuna aliyeuliza.

Alhamisi usiku, saa tano na dakika kumi na mbili, binti yake aliandika kwenye grupu: "Baba amezidiwa, tunaomba padri aje ampake mafuta." Hakuwa na namba ya paroko. Alichokuwa nacho ni grupu, na sisi ndio tuliowaambia watu kwamba jambo lolote la parokia walipeleke huko.

Nimekaa nikahesabu majibu. Sitini na matatu ndani ya saa moja. "Pole." "Tunamwombea." "Amina." Picha za mishumaa, sala ndefu iliyotolewa grupu jingine, na mtu ambaye hakusoma yaliyotangulia akakumbushia michango ya sare za kwaya. Jibu la kumi na tisa ni langu: "Mungu amjalie nafuu." Nililiandika nikiwa kitandani, kisha nikazima taa. Kila mmoja wetu aliamini padri ameshaona. Paroko wetu hafungui grupu usiku. Alipolifungua asubuhi baada ya Misa alikuta ujumbe zaidi ya 200, akaupitia juu juu. Saa nne binti alikuja ofisini kwa miguu. Mzee alikuwa amefariki alfajiri.

Kutoka nyumba ya mapadri hadi kwa yule mzee ni mwendo wa robo saa.

Binti hakunilaumu. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama ujumbe wake ulifika. Nilimjibu kwamba ulifika.

Sasa halmashauri imepata mfadhili wa vifaa, na wengi wanataka kamera ili tuanze kurusha Misa mubashara. Sipingi. Lakini kila nikishika kalamu kuandika orodha ya vifaa namkumbuka yule binti amesimama mlangoni. Naomba mnisaidie: kwenu ombi la mgonjwa linapitia wapi lisizame? Mnajuaje kwamba mtu ameacha kuja? Na hizo kamera, walio nyumbani wanazionaje?

Fundi wa Sauti

Pole sana, Katibu. Mimi nashika mitambo kwenye parokia yetu, kwa hiyo nitasema yale niliyoyagusa kwa mikono.

Grupu lenu lifunge leo hii. Simaanishi kulifuta. Ingia kwenye mipangilio yake, uweke kwamba wasimamizi pekee ndio wanaotuma. Liwe mbao za matangazo: ratiba ya Misa, misiba, matangazo ya ndoa, basi. Wanaotaka kupiga soga na kutumiana sala wafungue grupu lao, watafurahi na hutakuwa umewaonea. Sisi tulipofanya hivyo watu walinuna wiki mbili. Wiki ya tatu wakaanza kusoma.

Kuna mtego mmoja. Usitegemee ile orodha ya kutuma kwa wengi kwa mpigo mmoja. Orodha moja inabeba watu 256, na ujumbe unamfika yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyeihifadhi hapati kitu, nawe hupewi onyo lolote. Mwaka mmoja tulituma ratiba ya Juma Kuu kwa njia hiyo, na Ijumaa Kuu watu wakaja saa ya zamani, wakakuta ibada imefika katikati. Walikuwa na haki ya kukasirika.

Wenye vitochi, zile simu ndogo zisizo na WhatsApp, msiwasahau. Hao wanafikiwa kwa ujumbe mfupi wa kawaida. Ujumbe mmoja una herufi 160, lakini ukiweka kijialama kimoja tu cha mikono inayosali, nafasi inashuka hadi 70 na mtandao unaukata vipande, kila kipande kinalipiwa. Andika maneno matupu: siku, saa, mahali. Ujumbe wetu wa Jumapili hauzidi mistari mitatu.

Ombi la mgonjwa ni la kupiga simu. Namba moja inayojulikana na kila mtu, kwenye chombo kisicho na grupu wala picha, kinachojua kulia tu. Na namba hiyo ihamishwe: bonyeza \*\*004\*, andika namba ya mtu wa pili, malizia na alama ya reli (#), kisha piga. Ikiwa simu ya kwanza haipokelewi, inatumika au imezimwa, mlio unahamia kwa wa pili wenyewe. Ijaribuni kwa macho yenu kabla ya kuitangaza, maana kuna mitandao inataka huduma hiyo iwashwe kwanza.

Kuhusu kamera nitakwambia jambo ambalo wauzaji hawaanzi nalo: nunueni sauti kwanza. Mtu atavumilia picha yenye ukungu. Sauti ya kanisa inayorudi kutoka kwenye kuta haivumiliki hata dakika tano, na anayeangalia akiwa nyumbani mara nyingi ni mzee ambaye masikio yake tayari yanamsumbua. Vuteni kebo kutoka kwenye miksa, ile mashine inayokusanya sauti za vipaza sauti, iingie moja kwa moja kwenye kifaa kinachorusha, msitegemee kipaza sauti cha simu iliyosimamishwa mita ishirini nyuma. Intaneti pimeni ile ya kupandisha, maana wengi hupima ya kushusha pekee. Kwa picha ya kawaida inayotosha mnahitaji megabiti 4 kwa sekunde zilizotulia, na mkiwa na ziada ni bora. Kama ni YouTube, washeni ruhusa ya mubashara mapema, kwa kuwa mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24. Nimewahi kuona parokia ikiiwasha saa moja kabla ya Misa ya shukrani, na waliokuwa mbali hawakuona kitu.

Nyumba kwa Nyumba

Mtanisamehe ndugu zangu, mimi naona mnazunguka mti. Sisi tulilelewa na katekista mwenye daftari. Hakuwa na simu. Kila nyumba alikuwa nayo mle, na usipoonekana Jumapili mbili, Jumanne jioni unasikia hodi. Mzee yule angekuwa wa parokia yetu ya wakati ule, asingefika Jumapili ya nne bila kugongewa mlango. Fungeni simu, tembeeni.

Katibu wa Parokia

Ndugu yangu, maneno yako yameniuma, na yameniuma kwa sababu ni ya kweli. Lakini parokia yetu ina familia zaidi ya elfu mbili na katekista mmoja. Akigonga nyumba kumi kila siku bila kupumzika, anamaliza mzunguko baada ya miezi sita na zaidi. Kutembea lazima, ila anahitaji kujua mguu wa leo aupeleke wapi.

Baada ya kusoma ulichoandika nimeenda sakristia. Nyuma ya mlango tunabandika ratiba ya wasomaji. Jina la yule mzee limo kwenye Jumapili zote nne. Mara zote nne limekatwa kwa kalamu, na juu yake limeandikwa jina la aliyesoma badala yake. Miandiko ni mitatu tofauti. Yaani watu watatu walishika kalamu, wakakata jina lake, wakatundika karatasi pale pale na kwenda kuvaa. Nami napita mlango huo kila siku.

Nina swali kwako. Daftari la katekista wenu, aliandika nini mle ndani? Nauliza kwa dhati.

Nyumba kwa Nyumba

Jina la baba au mama mwenye nyumba. Idadi ya walio ndani. Nani hajabatizwa, nani hajafunga ndoa. Na pembeni kulikuwa na mstari mwembamba wa tarehe zilizofutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi ikatoboka. Nilipokua nilimuuliza ni tarehe za nini. Akasema, ni siku niliyomwona mara ya mwisho.

Bibi wa Nyumbani

Hamjambo wanangu. Ananiandikia mjukuu wangu, ila maneno ni yangu.

Katibu, mwanangu, umeuliza walio nyumbani wanazionaje kamera. Mimi ni wa huko nyumbani. Nilivunjika nyonga, huu ni mwaka wa pili siendi kanisani. Parokia yetu inarusha Misa, na mjukuu huniegemezea simu kwenye kikombe juu ya stuli, karibu na kichwa changu.

Mwanzoni kamera ilikuwa kule juu kwa wanakwaya, nyuma kabisa. Altare niliiona ndogo kama kiberiti. Lakini niliona visogo vya watu wote, nami watu wangu nawajua kwa visogo. Nilikuwa nawahesabu wakati wa nyimbo: kilemba cha kijani yupo, fundi viatu na kipara chake yupo, yule mama mwenye mapacha leo ana mmoja, mwingine yuko wapi? Jumatatu nampigia simu jirani, "Mbona mtoto mmoja hakuja?" Ananiambia ana homa. Nilijua habari za parokia kuliko wanaokwenda kwa miguu yao.

Halafu wakanunua kamera nzuri, wakaileta mbele. Sasa namwona padri hadi kola yake. Watu siwaoni. Na wakati wa matangazo kijana wa mitambo hukata sauti, anaweka picha ya maua, kwa kuwa ameambiwa hayo ni mambo ya ndani. Mimi basi ni wa nje? Jirani niliyesali naye miaka thelathini alifariki, jina lake likasomwa pale, nami nikawa natazama maua.

Wanaonitembelea hupenda kunisimulia habari za Mtakatifu Klara wa Asizi, jinsi alivyokuwa hoi kitandani usiku wa Noeli, masista wenzake wakaenda kusali, naye akajaliwa kusikia na kuona ibada yote akiwa chumbani mwake, na jinsi Papa Pio XII alivyomtangaza kuwa msimamizi wa televisheni mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni habari nzuri sana. Ila masista wale waliporudi waliingia chumbani kwake, akawasimulia aliyoyaona. Kuna mtu alirudi. Mimi Misa ikiisha, mjukuu anachukua simu yake anakwenda shule ya muziki, na chumba kinakuwa kimya mpaka mchana.

Kwa hiyo mkiweka kamera, iwekeni mahali tuwaone watu. Acheni matangazo yasikike. Na kuna jambo hamjaliuliza: sisi tulio kitandani tuna saa nyingi na simu iko mkononi. Mbona hamtupi kazi?

Padri wa Zamu

Milele amina, Katibu. Pole kwa msiba, na pole kwa mzigo unaoubeba. Nimekuwa paroko mara mbili na sasa ni msaidizi, kwa hiyo nimewahi kuikosa simu ya namna hiyo mimi mwenyewe. Sitasahau nyumba ile.

Nianze na jambo la sheria, kwa kuwa linafungua njia. Kanuni ya 1003 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema mpako wa wagonjwa hutolewa na padri yeyote, na ni padri tu. Kwa kawaida ni wajibu wa mchungaji wa mahali, lakini padri mwingine anaweza kwa sababu ya msingi, akidhania kuwa mchungaji ameridhia. Kanuni hiyo hiyo inamruhusu kila padri kuchukua mafuta yaliyobarikiwa aende nayo, ili haja ikitokea asikwame. Kwa hiyo simu ya pili ambayo Fundi ameitaja inaweza kulia kwa jirani. Sisi tumekubaliana parokia tatu. Nikiwa safarini, namba yangu inalia kwa mwenzangu, naye mafuta anayo garini.

Waelezeni waamini mapema kwamba wasingoje dakika ya mwisho. Wengi bado wanauona mpako kuwa wa anayekata roho. Ugonjwa mzito unatosha, uzee unaodhoofisha unatosha, upasuaji mkubwa unaokuja unatosha. Angeitwa padri Jumapili ya kwanza mzee alipokosekana, angempaka, wangezungumza, na angeweza kurudia hali ilipozidi kuwa mbaya.

Mtaulizwa pia kama padri anaweza kuungamisha kwa simu au kwa video. Hapana. Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati kuhusu Kanisa na intaneti, ikasema wazi kuwa hakuna sakramenti kwenye intaneti. Anayetaka kupakwa lazima aguswe. Simu inamleta padri mlangoni, kisha inawekwa pembeni. Na bado hatuwezi kuidharau. Februari 1931 Papa Pio XI alizungumza kwa mara ya kwanza kupitia Radio Vatikani, kwa mitambo ya Marconi. Tarehe 27 Machi 2020 Papa Fransisko alisimama peke yake kwenye uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha, na nilikuwa na wagonjwa wawili waliofuata sala ile kwa simu yangu nikiwa nimewashikia. Mmoja wao alijibu kila itikio.

Jambo la mwisho, nalisema kwa uzito. Linda siri za watu. Jina la mgonjwa na ugonjwa wake visiingie kwenye grupu bila ridhaa yake. Nimemwona mama aliyegundua parokia nzima inajua ugonjwa aliouficha hata kwa mumewe, kwa sababu mtu mwema aliomba sala. Kwenye orodha yenu andikeni "atembelewe". Yaliyobaki atamwambia anayemtembelea. Na kwa kamera: wekeni tangazo mlangoni, mtenge safu ya mabenchi ambayo haionekani kwa asiyetaka kuonekana, na watoto msiwavute karibu. Bibi anataka visogo, visogo vinatosha.

Katibu wa Parokia

Nimerudi baada ya miezi mitatu, kama nilivyowaahidi baadhi yenu kwa faragha. Shikamoo Bibi, shikamoo Baba.

Grupu tumelifunga kama Fundi alivyosema. Walinuna, lakini kwetu ilichukua mwezi. Kwenye maelezo ya grupu, kwenye mlango wa kanisa, nyuma ya bahasha za zaka na mwisho wa kila ujumbe wa Jumapili kuna namba moja na maneno matatu: "Mgonjwa? Piga. Usiandike." Namba hiyo iko kwenye kitochi cheusi ambacho betri yake inakaa karibu wiki. Usiku kinalala chumbani kwa padri wa zamu, na kikiitwa bila kupokelewa kinahamia kwa parokia jirani. Wiki ya kwanza tulipigiwa mara kumi na moja, zote za kuuliza saa ya Misa na gharama ya cheti. Tuliwajibu wote kwa upole, kwa kuwa mtu aliyefokewa leo hatapiga siku ya shida.

Kisha daftari. Nimetengeneza jedwali kwenye kompyuta: nyumba, jumuiya (kikundi cha nyumba jirani zinazosali pamoja), namba ya simu, na safu ya mwisho nimeipa jina lile lile la katekista: Mara ya mwisho kuonwa. Hakuna ugonjwa, hakuna michango. Niligoma kabisa kuweka michango, ingawa wapo walioitaka, maana mtu akijua jedwali hilo linahesabu sadaka yake hatapokea simu yetu tena. Kila kiongozi wa jumuiya hunitumia ujumbe mfupi Jumapili jioni, majina tu ya ambao hakuwaona. Jina likirudi Jumapili ya pili, kompyuta inalipaka rangi ya njano, nami nalipeleka kwa wapigaji.

Wapigaji ni wazo lako, Bibi. Tunao sita. Wanne hawatoki nyumbani. Mmoja alikuwa mwalimu na sasa miguu imekataa. Kila Jumatatu asubuhi anapokea majina matano au sita, anavaa miwani, anapiga. Nilikwenda kumwona akifanya kazi hiyo. Haanzi kwa kuuliza "mbona hukuja". Anasema, "Ni mimi mwalimu, nimekukumbuka tu," halafu ananyamaza, anamwacha mtu ajaze ule ukimya. Siku niliyokuwapo, mmoja alikuwa amehamia kwa mwanawe, mmoja alikuwa na aibu kwa kukosa nguo ya kuvaa baada ya nyumba yake kuungua, na wa tatu alisema kwa sauti ya juu hataki kufuatwafuatwa. Huyo tumemtoa kwenye jedwali siku ile ile, kama alivyoomba. Mwalimu alisikitika, lakini hakubishana.

Kamera tumenunua moja, na kebo ya sauti kutoka kwenye miksa. Iko juu kwa wanakwaya. Matangazo yanasikika mpaka neno la mwisho.

Kuna jambo bado halijakaa sawa: kiongozi wa jumuiya akisafiri hatupati majina, na jumuiya mbili hazijatuma chochote kwa wiki tano. Pale ndipo katekista anapoelekeza mguu wake sasa.

Juzi usiku kitochi kililia saa nane kasoro. Padri wa zamu alikuwa ameamkia mgonjwa mwingine hospitalini na alikiacha kwenye chaja. Mlio ukahama. Padri wa parokia jirani alipokea, akaandika jina la mtaa kwenye kiganja kwa kukosa karatasi, akatoka. Asubuhi alinipigia aniambie alichokuta: bibi wa miaka tisini na kitu, ana akili zake zote, aliyemwambia hamfahamu, akamtaka kwanza ataje anatoka parokia gani. Alipomtajia, akanyoosha mikono yake yote miwili, viganja juu, apakwe.

Jana niliingiza tarehe kwenye safu yake ya mwisho.